Mtaratibu asiitwe goigoi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jina tunalompa mtu anayefanya kazi yake bila haraka na bila kusimama. Magazeti yetu ya Kiswahili yamezoea kumwita goigoi, mzembe au mzito, na yakitaka kumstahi humwita mpole. Katika manne hayo hakuna linalomfaa. Neno lake ni mtaratibu. Watu wanalijua na wanalitumia majumbani na makazini, lakini kwenye habari limeachwa, na nafasi yake imechukuliwa na maneno ya kulaumu.

Asili yake ni Kiarabu, tartibu, yaani mpangilio. Ndugu zake tunawatumia kila siku: ratiba, ratibu, mratibu, utaratibu. Wote wanahusu mambo yaliyopangwa yafuatane. Kiini cha neno, basi, ni mpangilio, na kutokuwa na haraka ni tunda lake, kwa kuwa asiyeruka hatua huchukua muda kuliko anayeziruka. Mtaratibu ni mtu anayejua kipi kinatangulia na kipi kinafuata, hashiki la pili kabla ya kumaliza la kwanza, mwendo wake wa asubuhi ndio wa jioni, na kazi aliyoianza huifikisha mwisho. Ukiondoa mpangilio akabaki na mwendo wa pole tu, huyo si mtaratibu. Ukiondoa kumaliza, si mtaratibu pia.

Wahariri wengi huyachukulia polepole, taratibu na kwa utaratibu kuwa kitu kimoja. Hebu tuyaweke mahali ambapo tofauti inajitokeza. Bweni limeshika moto na wanafunzi wanatoka. Ukiandika kwamba walitoka polepole, umezungumzia kasi peke yake, na msomaji atajiuliza kwa nini hawakukimbia. Ukiandika walitoka taratibu, umeongeza uangalifu: hawakuwa na haraka na walitazama wanapokanyaga. Ukiandika walitoka kwa utaratibu, umesema hawakusukumana, walifuatana, kila chumba kilijua mlango wake. Na inawezekana kabisa walitoka mbio. Mwandishi aliyetaka kusifu nidhamu yao akaandika polepole, amewalaumu pasipo kukusudia.

Polepole lina jambo jingine la kuangalia: hutumika pia kwa sauti. Shahidi "aliyezungumza polepole" mbele ya hakimu huenda aliongea kwa sauti ya chini, au aliongea kwa kutulia na kupima maneno. Katika habari ya mahakamani hizo ni picha mbili za mtu tofauti kabisa, mmoja ana hofu na mwingine anajiamini. Kama ni sauti, iandikwe sauti.

Kwenye vichwa vya habari taratibu huleta utata wake, maana ndilo wingi wa utaratibu vilevile. "Kamati yapitia taratibu" ni kichwa ambacho nusu ya wasomaji watakielewa kuwa kamati imekagua kanuni, na nusu nyingine kuwa imepitia jambo fulani bila haraka. Tiba yake ni ndogo. Kama ni kanuni, ongeza "za" na kinachofuata: taratibu za ununuzi, taratibu za uchaguzi. Kama ni mwendo, taratibu likae mwisho kabisa baada ya kutaja kilichofanywa: kamati yapitia ripoti taratibu.

Sarufi nayo inasahaulika. Taratibu ni kielezi na halibebi kiambishi cha ngeli linapoeleza kitendo: gari linakwenda taratibu, mto unatiririka taratibu. Likimwelezea mtu, njia ni mbili tu, mtaratibu au mtu wa taratibu. "Mchezaji taratibu" si Kiswahili sanifu, na "gari mtaratibu" hata zaidi, kwa sababu mtaratibu ni jina la ngeli ya A-WA na linamhusu binadamu: mtaratibu huyu amefika, wataratibu hawa wamefika. Wahakiki wa kurasa wachunge pia silabi. Mtaratibu ikidondoka "ta" inabaki mratibu, ambaye ni mtu mwenye cheo cha kuunganisha shughuli za wengine. Kosa hilo hupita machoni kirahisi, maana lililobaki nalo ni neno halali. Mradi unaweza kuwa na mratibu asiye mtaratibu, na mara nyingi unakuwa naye.

Nije kwenye mpole, ambalo waandishi wema hulikimbilia. Mpole ni habari ya hasira na moyo. Kinyume chake ni mkali, wala si mwepesi. Katika Agano la Kale Musa ametajwa kuwa mpole kuliko wanadamu wote, na hapo hakuna anayepima kasi yake. Muuguzi anayechoma sindano kwa mkono mwepesi huku akimtuliza mtoto ni mpole na ni mwepesi kwa wakati mmoja. Kwa upande mwingine, wapo mafundi wataratibu walio wakali sana, ambao ukigusa patasi zao bila ruhusa utajuta. Huko mitaani kwetu "kuwa mpole" imepata pia maana ya kutulia na kukubali yaliyokupata. Msomaji akikuta "mkandarasi huyo ni mpole" atachagua mwenyewe kati ya maana tatu, na hakuna hata moja inayomwambia barabara imefika wapi.

Mzito ni neno la hatari zaidi, hasa kwa watoto. Likisimama peke yake, mtu mzito ni mwenye hadhi na uwezo, yule ambaye neno lake likitoka watu hunyamaza. Kwa maana ya kutofanya jambo upesi, ni lazima lifuatwe na kitendo: mzito wa kusikia, mzito wa kuelewa, mzito wa kuamua. Sasa kwenye taarifa za maendeleo zinazopelekwa kwa wazazi, neno "mzito" huandikwa likiwa pweke, au hubadilishwa na "mvivu", na mtoto hubeba jina hilo miaka yote ya shule.

Chukua kipindi cha dakika 40 na maswali 10 ya hesabu. Mwanafunzi wa kwanza anafanya maswali 6, yote sahihi, na kila hatua imeandikwa. Wa pili anafanya yote 10 na kupata 5. Wa tatu anafanya 6 na kupata 2. Mwalimu anayetazama daftari kwa haraka huwaweka wa kwanza na wa tatu kapu moja kwa sababu wote hawakumaliza. Lakini wa kwanza ni mtaratibu, na wa tatu hajaelewa somo. Dawa zao hazifanani: wa kwanza anahitaji muda na mazoezi mengi mafupi ya kumwongezea wepesi, wa tatu anahitaji kufundishwa upya kuanzia pale alipopotelea. Kwenye taarifa ya wa kwanza sentensi ifaayo ni fupi: "Hufanya kazi taratibu na kwa usahihi, apewe mazoezi ya kuongeza kasi." Mzazi akisoma hivyo anajua la kufanya. Akisoma "mzito" anachukua fimbo.

Pale ambapo lazima kasi ndogo itajwe bila kulaumu, Kiswahili kina njia ya kukanusha wepesi. Watafsiri wa Biblia ya Union Version waliitumia vizuri. Katika Waraka wa Yakobo, sura ya 1, aya ya 19, mtu anahimizwa awe mwepesi wa kusikia, bali si mwepesi wa kusema. Wangeweza kuandika "mzito wa kusema", lakini hilo lingefanya busara ionekane kilema. "Si mwepesi wa" huacha nafasi ya kuwaza kwamba mtu amejizuia kwa hiari. Ninawasihi waandishi wa habari za siasa walichukue: waziri asiye mwepesi wa kutoa ahadi ni tofauti na waziri mzito wa kutoa ahadi.

Goigoi ni mtu mvivu na mlegevu. Wingi wake ni magoigoi, lakini upatanisho wake ni wa mtu: goigoi huyu, magoigoi hawa. Kurasa za michezo zinalipenda, na kwa timu inayoburuzwa kila wiki kwa kutojituma sina ugomvi nalo. Ninachopinga ni kumpa jina hilo kiungo anayepokea mpira, akautuliza, akainua kichwa, kisha akatoa pasi inayofika. Huyo anapooza mchezo kwa makusudi ili wenzake wapate muda wa kupanda au kurudi. Kipimo chake ni mipira mingapi imepotea mguuni mwake, si mita ngapi amekimbia. Akipoteza mipira kwa kuchelewa kuamua, basi tuseme anachelewa kuamua. Goigoi ni yule aliyeuacha mpira upite mbele yake akautazama.

Maneno ya uvivu yenyewe yana ngazi zake, na kuyachanganya ni kumsingizia mtu. Mvivu hataki kazi. Mlegevu anaifanya pasipo mkazo. Mwenye ajizi anaijua na huenda anaitaka, lakini anaiweka kesho. Mzembe amekabidhiwa wajibu na akaupuuza. Hili la mwisho lina uzito wa kisheria. Kwa Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2007 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 zinatenganisha utovu wa nidhamu na utendaji usioridhisha. Uzembe mkubwa uko upande wa utovu wa nidhamu, na unaweza kumfukuzisha mtu kazi. Mfanyakazi ambaye kasi yake haitoshi yuko upande mwingine: mwajiri anatakiwa kuchunguza sababu, kumweleza kiwango kinachotakiwa, kumpa mwongozo au mafunzo inapohitajika, na kumpa muda wa kutosha ajirekebishe. Gazeti linapoandika "karani mzembe" kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, limemhamisha mtu kutoka upande mmoja wa sheria kwenda mwingine, bila ushahidi. Huenda karani huyo alikuwa akihakiki kila jina kwenye daftari kabla ya kugonga mhuri, kama alivyoelekezwa.

Sasa niseme juu ya kusuasua, kwa sababu ndilo neno linaloongoza katika habari za miradi. Kusuasua ni kwenda kwa kusitasita: unaanza, unasimama, unaanza tena. Bila kusimama hakuna kusuasua. Mwandishi anayefika kwenye jengo la zahanati au shule akakuta hakuna anayepiga nyundo, hana budi kuuliza wamemwaga zege lini kabla hajaandika kwamba mradi unasuasua.

Zege lililomwagwa linahitaji maji ili saruji iendelee kukomaa. Hufunikwa kwa magunia, mchanga au nailoni na kuwekwa majimaji kwa siku zisizopungua 7, na juani hukaukiwa upesi kiasi kwamba kumwagilia asubuhi na jioni pekee hakutoshi kama hakuna kifuniko kinachohifadhi unyevu. Tofali za zege za kupimia uimara, zenye sentimita 15 kila upande, hupondwa maabara zikiwa na siku 7 na tena zikiwa na siku 28. Kwa saruji ya kawaida, siku ya 7 zege huwa limefikia kama theluthi mbili ya nguvu itakayosomwa siku ya 28. Saruji iliyochanganywa na pozolana, yaani unga wa mawe au majivu ya volkano, ambayo ni ya kawaida kwenye maduka yetu, hujenga nguvu zake za mwanzo kwa kukawia zaidi. Ndiyo maana fundi anayejua kazi haondoi mirunda chini ya zege la ghorofa kwa wiki mbili hadi tatu, na kwa nafasi pana huiacha zaidi. Akiing'oa siku ya tano ili mgeni rasmi aone ukumbi ulio wazi, zege hupinda katikati na kutoa nyufa upande wa chini, palipo na nondo; maji huingia, nondo hupata kutu, na kutu ikivimba husukuma zege lidondoke vipande. Mara nyingine zege lote hushuka siku ileile.

Kwa hiyo wiki mbili ambazo hakuna kinachopanda juu zinaweza kuwa ndizo wiki za kazi sahihi kuliko zote. Msimamizi wa aina hiyo aandikwe kuwa mtaratibu. Lakini uwanja uleule ukiwa hauna maji, zege limekauka na kuwa na vumbi jeupe, mifuko ya saruji imeganda chini ya bati linalovuja na daftari la kazi la kila siku halijaandikwa tangu mwezi uliopita, hapo kuna uzembe na kusuasua kwa pamoja, na mwandishi aandike hivyo bila kuogopa. Majengo hayo mawili yote yamenyamaza. Kinachoyatofautisha kinaonekana kwa macho, ilimradi mwandishi ashuke kwenye gari.

Kuna na wale ambao mwendo wao mdogo hautokani na tabia hata kidogo. Kujikongoja ni kutembea kwa taabu kwa sababu ya uzee, ugonjwa au jeraha. Kuchechemea ni kupendelea mguu mmoja. Kujivuta ni jambo jingine, ni kuchelewesha hatua kwa kutopenda unakokwenda. Mwanariadha wetu John Stephen Akhwari, katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, alianguka na kuumia goti, akafungwa bendeji na kuendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Habari yake husimuliwa mara nyingine kama ya mtu wa "mwendo wa kobe". Hapana. Akhwari alikuwa mkimbiaji mwenye kasi aliyeumizwa. Alichechemea, alijikongoja, alistahimili. Mtaratibu pia halimfai, kwa sababu hakuichagua kasi ile. Neno lake ni mstahimilivu, na ni neno kubwa kuliko mtaratibu.

Mahali ambapo polepole limegeuka kuwa amri ya kazi ni Mlima Kilimanjaro. Waongozaji hulitamka kutwa nzima, na wageni hulibeba hadi makwao likiwa limechapwa kwenye fulana, mara nyingi kwa maneno mawili ingawa tahajia sanifu ni neno moja. Wanachokifanya hasa, hata hivyo, ni utaratibu. Kwa njia ya Marangu, kibanda cha Mandara kiko takriban mita 2,700, Horombo mita 3,700 na Kibo mita 4,700. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, ambako hewa ina msukumo wa karibu nusu ya ule wa pwani. Mwili unahitaji siku ili uzoee, na wanaolala Horombo usiku wa ziada hupata nafuu kwa sababu hiyo.

Kosa la wageni hufanyika siku ya kwanza, msituni, ambako njia ni nzuri na pumzi bado ipo: vijana hukaza mwendo, hufika mapema, na usiku kichwa kinaanza kuuma na chakula hakishuki. Mwongozaji hukaa mbele ili mtu asimpite, na msaidizi wake hukaa nyuma ya mtu wa mwisho. Kipimo chake ni maongezi: anayepanda akishindwa kumaliza sentensi bila kukatika pumzi, msafara umekwenda kasi. Usiku wa kilele, wanapoondoka Kibo karibu na saa sita, hatua hupungua hadi urefu wa kiatu, lakini hazikatiki. Kusimama mara kwa mara muda mrefu ni hatari, kwani jasho hupoa na baridi huingia mwilini. Na mgonjwa akianza kuyumba kama mlevi, au kukohoa povu, polepole haimsaidii tena. Hushushwa mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Mwongozaji huyohuyo aliyekuwa akizuia watu sasa anawaharakisha. Hiyo ndiyo tofauti ya mtaratibu na mtu aliyezoea tu kwenda polepole: mtaratibu anajua ni hatua ipi inayotaka haraka.

Nimewahi kusoma hoja kwamba methali zetu zinagongana, kwamba haraka haraka haina baraka lakini papo hapo chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hazigongani, kwa sababu maneno yake hayafanani. Kuchelewa kumetokana na kucha: ni kukutwa na mapambazuko hujatimiza ulilopaswa kulitimiza. Kuna saa iliyowekwa, na imekupita. Kukawia ni kuchukua muda mrefu, na unaweza kukawia bila kuchelewa. Ndiyo maana wahenga walisema kawia ufike na hawakusema chelewa ufike. Ajizi, nayo, imeitwa nyumba ya njaa, na hakuna methali inayoisifu. Mwenda pole hajikwai inahusu anayetembea, tayari yuko njiani. Simba mwenda pole ndiye mla nyama hutajwa vibaya kila siku kama sifa ya kutokuwa na kasi. Simba anakwenda pole wakati wa kunyemelea. Ikifika kurukia, anakwenda kwa kasi kubwa. Mtumiaji wa methali hiyo kwenye hotuba ya kuahirisha mradi ameitoa mahali pake.

Visawe vya mtaani vipo na vinapendeza, kila kimoja kwao. Tanzania tunasema mdogo mdogo, tukimaanisha kidogokidogo huku tukisonga: "tunajenga mdogo mdogo" humwambia msikilizaji kwamba fedha huja kwa vipande na ukuta unapanda kwa vipande. Nairobi vijana husema mos mos. Upande wa Kongo husikika malembe, iliyotoka Kilingala. Aste aste, la zamani la pwani, limebaki zaidi kwenye mashairi. Katika nukuu ya msemaji maneno haya yaachwe yalivyo. Katika sentensi za mwandishi mwenyewe kielezi kiwe taratibu, na jina la mtu liwe mtaratibu. Kobe, konokono na kinyonga sishauri kabisa kwa mtu aliyetajwa jina. "Mwendo wa kinyonga" kwa kesi au mradi unavumilika, maana jambo halina uso wa kuona haya. Mtu anao.

Ombi langu kwa meza yako ya habari, Ndugu Mhariri, ni kwamba mwandishi asipeleke neno lolote la uvivu kabla ya kuuliza maswali yafuatayo na kuandika majibu yake kwenye daftari. Kazi hii ina ratiba, na leo ilipaswa kuwa wapi? Ilisimama lini, siku ngapi, na nani aliisimamisha? Kilichokwisha kufanywa kimelazimika kurudiwa? Mkataba wa miezi 12 uliofika asilimia 50 mwezi wa 6, bila siku iliyosimama na bila ukuta uliobomolewa ukajengwa upya, unakwenda kwa ratiba, hata kama diwani anaona unakawia. Asilimia hizo hizo zikiwa zimepatikana kwa miezi miwili ya mbio na minne ya kimya, unasuasua. Asilimia 70 zenye nyufa ni uzembe uliokimbia.

Na pale mhusika anapokuwa mtu mmoja mmoja, karani, fundi, mwanafunzi au mchezaji, aulizwe anayefanya naye kazi swali moja zaidi: ukimwachia kazi ukaondoka, ukirudi unaikuta imefika wapi? Wakijibu kwamba huikuta mbele ya pale ulipoiacha, na haihitaji kurekebishwa, mwandishi ameshapata neno lake, na nafasi ya herufi tisa kwenye safu haijawahi kukosekana.

Mwalimu wa Kiswahili na msomaji wa gazeti hili,
Morogoro